Spika ya mzee wangu, tundu nililotoboa, na asali ya mahari

Wakuu, salamu kutoka Bashay, Mbulu. Naandika mzee wangu akiwa amekaa hapa barazani, na kila aya namsomea. Nikiongeza chumvi atanikatiza, kwa hiyo mnachopata hapa ni ukweli ulioshuhudiwa.

Wapenzi wa vintage, vitu vya zamani, sogeeni.

Enzi za ujana wake mzee aliendesha mashine za kuvuna ngano kule Hanang. Mtaalamu mmoja mgeni alipomaliza mkataba akamwachia spika mbili za hi-fi. Mimi nimezaliwa nikazikuta sebuleni, zimefunikwa vitambaa vya kufuma.

Original zilikuwa hivi: boksi zito la mbao, limezibwa pande zote, hewa haipiti. Mbele kitambaa cha kahawia. Ndani koni kubwa ya karatasi ya kutoa besi, na twita ndogo ya sauti nyembamba juu yake.

Siyo spika za kelele. Kwaya ikiimba, unamsikia hadi anayevuta pumzi.

Badiliko la kwanza lilianzia kwa mchwa. Walikula ubao wa nyuma wa spika moja, mzee akapigilia plaiwudi na misumari. Tangu hapo besi ikishuka tu, inatetemeka. Mama akawa anaiita "ile yenye mafua".

Badiliko la pili ni langu. Nilisoma mtandaoni kwamba spika nyingi za baadaye ziliwekewa tundu ili besi itoke zaidi. Nikampelekea mzee hoja.

Akasema, "Aliyeitengeneza hakukosa keekee. Kama hakutoboa, alikuwa na sababu."

Nilimbembeleza mpaka akachoka. Akakubali nijaribu kwenye yenye mafua tu. Nikatoboa, nikachomeka kipande cha bomba la maji.

Besi ilitoka kweli, ila na mafua yakazidi. Mzee aliongeza tu sauti ya ile nyingine. Mwishowe yenye mafua ikahamishiwa nje karibu na ghala, tukaisahau.

Sasa tuje kwenye mambo ya moyo.

Mchumba wangu ni binti wa wafugaji wa Balangdalalu. Mazungumzo ya mahari yalienda vizuri, ila baba yake akashikilia jambo moja: asali. Na itoke nyumbani kwetu, siyo ya kununua. Bila hiyo wazee wake hawakai kikao.

Wakuu, mizinga yetu yote ilikuwa mitupu. Kiangazi kilikuwa kikali, nyuki walishahama. Nilianza kukonda, suruali zikawa zinanivuka.

Asubuhi moja mama anafagia karibu na ghala, akasikia spika inanguruma na haijaunganishwa popote.

"Njooni," akaita. "Mafua yamerudi."

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye lile bomba langu kama wana kibali.

Nilifurahi sana, halafu nikamwona mzee. Kutoa asali ni lazima ubandue ubao wa nyuma, na nikimulika tochi kwenye bomba naona masega yameshikana na koni. Ingechanika tu. Na ile karatasi mzee ameitunza tangu hajaoa.

Aliizunguka spika, akaenda kuangalia ng'ombe, akarudi.

Nikamwambia, "Baba, iache. Nitawaomba wenzetu wasubiri mpaka mizinga ijae."

"Na binti wa watu naye asubiri mvua?" Akaingia ndani, akatoka na bisibisi na kaa la moshi.

Nyuki tuliwahamishia kwenye mzinga. Asali ilijaza dumu. Koni ilichanika vipande, na nilipomwona mzee anavikusanya kwenye kiganja, roho iliniuma.

Tukafika Balangdalalu, shikamoo zikaenda kwa wote waliostahili, kikao kikakaa. Baba mkwe akaonja. Akauliza, "Mzinga wenu ulikuwa kwenye mti gani?"

Mzee wangu akajibu, "Ulikuwa kwenye spika ya redio." Ikabidi asimulie yote.

Baba mkwe alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Umevunja kitu chako kwa ajili ya mtoto wako," akasema. "Binti yangu atakaa vizuri kwenu. Ila siku nikija, nataka kuusikia huo mzinga ukiimba."

Hapo hakuna kukwepa. Fundi wa Babati akanipatia koni nyingine.

Nilipotaka kukwangua boksi ndani, nikakuta nyuki wameziba kila mwanya kwa gundi yao: kati ya plaiwudi na mbao, matundu ya misumari, mpaka kuzunguka bomba. Mzee akasema, "Usiguse. Hao wanajua kuziba."

Tukabana plaiwudi juu ya gundi ileile, tukawasha.

Wakuu, mafua yamepona. Hakuna mtetemo. Besi inashuka imetulia. Mzee aliniambia nihamishie waya kwenye yenye mafua, akidhani anasikiliza ile nzima.

Siku ya harusi baba mkwe alikaa mbele ya yenye mafua mchana wote, akagoma kuhama hata chakula kilipokuja.

Nilichojifunza: kifaa cha zamani siyo lazima kibaki kama kilivyotoka kiwandani, ila kabla hujatoboa, msikilize anayekipenda. Mimi nimeponea kwa nyuki.

Sasa naombeni ushauri, tena mapema.

Leo nimekuta mzee ameitoa nje ile spika nyingine, ambayo haijawahi kuguswa, ameiweka karibu na ghala. Ananiomba keekee. Nimemuuliza kulikoni, akanionyesha mdogo wangu wa kiume, amejibanza nyuma ya zizi, anaongea na simu huku anatabasamu peke yake.

Nimpe, nisimpe?