Ubao wa Zamu na Mwezi wa Ujiji

Tarishi wa hospitali si mtu wa kubeba barua tu, msidanganyike. Miaka ile ya Azimio, watu wakihamishiwa vijijini na madaftari yakifuata nyuma, hospitali moja ya Kigoma ilikuwa na simu moja, nayo ilikaa ofisini kwa Katibu imefunikwa kitambaa cha kufuma, utadhani inaumwa. Daktari akimhitaji mtu aliyeko nyumbani, alimwita Asumani. Asumani alipandisha suruali, akafunga mguu mmoja kwa mpira usinaswe na mnyororo, akapiga baiskeli. Hiyo ndiyo iliyokuwa simu.

Na simu hiyo ilikuwa ikichoka. Akifika kwa nesi, anaambiwa katoka sasa hivi, na sasa hivi ya Kigoma inaweza kuwa juzi. Akifika kwa bwana wa maabara, anaambiwa yuko kwenye matanga Bangwe. Akifika Bangwe, anaambiwa matanga yamekwisha, kaenda kununua dagaa Kibirizi. Siku moja alizunguka toka alfajiri hadi adhuhuri akimtafuta mtu aliyekuwa amelala wodi namba mbili, kitanda cha pembeni, anajificha asiitwe.

Ndipo akabuni ubao. Mbao niliipiga randa mimi seremala, mninga mtupu, mpaka leo haijui mchwa. Lakini akili ilikuwa yake, na yeye alikuwa wa darasa la nne kama sisi wengine tuliosoma kwa kuchungulia. Aliuchora safu tatu: tarehe, jina la mwenye zamu ya kuitwa, na mahali atakapopatikana. Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyompa sifa. Wenye vyeti vyao vya Dar es Salaam hawakuiwaza.

Sista Verediana, mkuu wa manesi, mwanamke wa Kasulu asiyesifu mtu hovyo, aliutazama ubao ule mikono kiunoni. "Asumani," akasema, "sasa nitakufa kwa kitu kingine, si kwa kutafuta watu."

Basi kichwa kikamvimba. Chaki aliiweka sikioni kama fundi seremala na penseli yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika pale isipokuwa yeye. Ukitaka kubadilishana zamu na mwenzako, unakwenda kwake, unamwamkia, unaomba.

Katika hospitali nzima, watu waliojua kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi walikuwa wawili. Asipokuwepo mmoja wao, daktari na kisu chake ni sawa na kinyozi. Mmoja alikuwa Sefu, mtu wa Ujiji, mpenda pilau na maneno. Wa pili Filemoni, aliyekaa Mwandiga na mkewe Bibiana, Mkristo wa kuimba kwaya. Hao walikuwa na desturi yao ya miaka: Krismasi Sefu anamshikia Filemoni zamu, Idi Filemoni anamshikia Sefu. Hawakuwahi kugombana hata siku moja.

Oktoba ya mwaka sabini na tatu, Ramadhani ikielekea ukingoni, zamu ya Jumamosi na Jumapili ikamwangukia Sefu. Akamfuata Asumani ubaoni, Filemoni yuko hapo hapo anakunywa chai.

"Baba Zaitun, Idi atanishikia huyu."

"Andika," Filemoni akasema. "Na Krismasi asije akaniambia mkewe anaumwa."

"Mke wangu haumwi Krismasi. Anaumwa Pasaka."

Wakacheka. Asumani akatoa chaki sikioni. "Tarehe?"

"Tarehe muulize mwezi," Sefu akajibu.

Asumani naye akacheka, na katika safu ambayo tangu ubao uzaliwe ilikuwa ya tarakimu tupu, ya tarehe, akaandika IDI. Mbele yake, FILEMONI. Mbele yake, MWANDIGA. Mwandiko mzuri, umenyooka.

Ijumaa jioni Ujiji nzima ikateremka ufukweni. Pale mwezi hautafutwi kwa shida: jua linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na mwezi kama upo unabaki unaning'inia juu ya ziwa. Wazee wawili wakasema wameuona. Mara vijana ishirini wameuona. Watu wa Ujiji wakikwisha kushinda na njaa siku ishirini na tisa, hata kwenye sufuria watauona. Lakini Asumani aliuona kweli, uzi mwembamba wa mwanga, akaonyesha kwa kidole, akamshukuru Mungu.

Akirudi nyumbani alipita mkahawani penye redio. Redio ikasema mwezi haujaonekana, Idi ni Jumapili.

"Redio haina macho," mtu mmoja akasema, na Asumani akacheka kuliko wote. Akaenda kumpigia binti yake Zaitun pasi gauni lake jipya. Kwamba Mwandiga nako kuna redio, na hakuna ziwa la kutazamia mwezi, hilo halikumpitia kichwani. Au lilimpitia, likapita. Baadaye alijiuliza sana.

Jumamosi watu wa Ujiji wakasali Idi. Sefu, baada ya kukumbatiana na kila mtu, akaingia kwenye boti ya mashine na watoto wake kwenda kwa wakwe Ilagala. Akampungia Asumani mkono. Asumani akapanda baiskeli na kanzu yake kwenda kutimiza nusu siku ya kazi.

Saa nne lori la mazao likaingia hospitalini. Juu yake alikuwa Leonia, binti wa Kidahwe, ana uchungu wa siku mbili na mtoto amekaa vibaya. Mama yake, Veneranda, alikuwa amekaa juu ya magunia, amempakata kichwa. Daktari akamtazama, akasema apasuliwe, na upesi. Landrova ya hospitali ilikuwa juu ya mawe, inangoja mpira wa gurudumu utoke Tabora kwa treni, na lori lilikwisha kwenda zake.

Sista Verediana akautazama ubao, kisha akaitazama kanzu ya Asumani.

"Leo Idi?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi Filemoni. Nenda."

Asumani akaikunja kanzu kiunoni, akaenda. Njia ya Mwandiga ni kupanda tu. Alifika jasho limemtoka mpaka kofia imelowa. Bibiana alikuwa anaanika mihogo.

"Shemeji, Idi njema ya kesho," akamwambia.

"Filemoni yuko wapi?"

"Shamba la kijiji, Kidahwe. Katoka usiku wa manane na wenzake. Si zamu yake kesho? Redio imesema kesho."

Bibiana alisimulia baadaye kwamba Asumani aliinama akafunga tena ule mpira wa mguuni, ingawa ulikuwa umefungwa, wala hakuwa amevaa suruali ya kunaswa.

Saa sita na nusu akamkuta Filemoni katikati ya watu wanaolima kwa mstari. Filemoni alipoiona kanzu akaanza kucheka, akamwamkia kwa Kiha. "Mwakeye, Baba Zaitun. Mmekwisha kula Idi tayari?"

"Yuko mgonjwa wa kupasuliwa. Leonia, wa hapa."

Filemoni akaacha jembe likalala. "Leonia wa Veneranda? Nimembeba mimi. Asubuhi. Mimi ndiye niliyeshika miguu tukampandisha kwenye lori. Nikamwambia mama yake, nenda mama, utamkuta Sefu."

Waliteremka wawili juu ya baiskeli moja, Filemoni kwenye keria, mpaka walipoyaona mabati ya stesheni. Ilikuwa saa tisa.

Daktari alipasua. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa. Leonia aliamka jioni, akaomba maji, na usiku homa ikampanda. Jumapili asubuhi, watu wa redio wakiwa wanakwenda kusali Idi yao, akafa.

Veneranda alikuja akasimama mbele ya ubao, mwanamke asiyejua kusoma, akauangalia toka juu mpaka chini.

"Baba," akamuuliza Asumani, "zamu ilikuwa ya nani?"

Sista Verediana alikuwepo, na Filemoni alikuwepo ameegemea ukuta. Sefu bado alikuwa Ilagala anakula. Majibu yalikuwepo mengi: mwezi, redio, wazee wawili wa Ujiji.

"Mimi ndiye niliyeandika, mama," Asumani akasema.

Veneranda akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa njia, akaenda kumfunga sanda binti yake.

Ubao haukuvunjwa. Uliongezwa safu ya nne, ya sahihi mbili, na anayebadilishana zamu akitaja sikukuu badala ya tarehe alifukuzwa pale ubaoni. Vijana wa maabara walimtania Asumani wakamwita Bwana Tarehe, naye hakukasirika, na mtu asiyekasirika huyo hana raha ya kutaniwa. Sefu na Filemoni waliendelea kushikiana zamu, ila kwa karatasi, na chai ya pamoja ikaisha.

Kila mwaka, jioni watu wakishuka ziwani kutazama mwezi, Asumani alisubiri mpaka uonekane, kisha akapanda baiskeli hadi Mwandiga kumpa Filemoni habari. Mwaka wa sabini na sita Bibiana alimfungulia mlango kibatari mkononi.

"Shemeji, Filemoni si amehamishiwa Tabora tangu Machi? Wewe mwenyewe ulimfuta ubaoni."

"Najua," Asumani akasema, anahema. "Nimekuja kusema mwezi umeandama."

Bibiana akamletea kigoda na maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akageuza baiskeli.