Homa ilipoingia Gisenyi, nilishindwa kutaja jina la baba mkwe

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi. Mi ni mwanamke muzee, nimevuka themanini. Simu anashika mjukuu wangu wa kike, ila maneno ni yangu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi; chumvi yenyewe daktari alishanikataza.

Nimesomewa uzi wa yule dada aliyechoka kuuguza wakwe zake wakati wa corona. Mmemshambulia kweli kwenye comments. Mwacheni! Kuuguza mtu mzima nyumbani hakujui asiyefanya.

Miaka ya hamsini, Mbelgiji bado anatawala, iliingia homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Tulikaa ziwani, nje ya mji, kwa wavuvi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeolewa miezi saba. Mume wangu alifanya kazi kwenye boti ya mizigo ya Bukavu, na homa ikamkamata hukohuko. Donc nyumbani tulibaki wawili: mimi na baba mkwe, mjane, mvuvi asiyeweza tena kupiga kasia.

Sasa mwelewe desturi yetu. Mukazana, yaani mke wa mtoto, hataji jina la baba mkwe. Kabisa. Hata neno linalofanana nalo unalizunguka. Ukilitaja, watu watauliza kwenu ulilelewa vipi.

Na kumgusa? Yewe! Hata chakula nilimpa nimeinamisha macho.

Basi akaugua. Siku ya tatu hakuweza kusimama, ikabidi nimwoshe. Aligeukia ukuta akalia. Mi nalia upande huu, kitambaa mkononi.

Akasema, "Mwanangu, unisamehe."

Nikamjibu, "Wewe ndiye unisamehe, baba."

Tangu hapo nilimpenda kama baba aliyenizaa. Nilimnywesha uji kijiko kwa kijiko, nilifua mashuka ziwani, nilimshika akienda haja. Nilichoka mpaka kuna asubuhi nilimwomba Mungu aamue moja, na nilijua vizuri ninachoomba. Hilo hata padri sijamwambia.

Siku ya sita kifua kikaanza kukoroma. Majirani wanne waliobaki na nguvu wakambeba kwa ingobyi, machela yetu ya kusuka, mpaka dispanseri mjini. Wakamlaza barazani wakarudi haraka, maana nao walikuwa na wagonjwa wao.

Foleni ndefu. Nilipofika mbele, karani hakuinua hata uso.

"Jina ya mugonjwa?"

"Ni baba ya bwana yangu."

"Nimeuliza jina."

Nikageuka kutazama barazani. Baba mkwe mwenyewe amelala pale, sauti yake haifiki kwa karani. Nikajibu, "Jina iko mu kitabu yake."

Kitabu cha kitambulisho, kila mwanaume mzima alikuwa nacho wakati ule. Chake nilikisahau nyumbani, kwenye kikapu cha nyavu.

"Bon, leta kitabu. Mwingine!"

Neno moja tu, wakuu. Ningelisema, angeingizwa ndani. Lakini mi nikaona heri miguu iniume kuliko ulimi ukose adabu.

Nikarudi barazani nikamwinamia, nikamwambia, "Baba, nakuja sasa hivi." Alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu. Nikavitoa vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, nikakimbia.

Nilikimbia hadi ziwani na kurudi, na mwili wangu wenyewe umeanza kuwaka homa. Niliporudi na kitabu nimekikumbatia, nikakuta wamemfunika uso kwa blanketi lake.

Mama mmoja wa foleni, simjui, akaniambia, "Alikuwa anaita tu, mukazana, mukazana. Hatukujua anaita nani."

Hapo ndipo nikamwita kwa jina. Mara tatu, kwa sauti, barazani mbele ya watu wote. Hakuna aliyenisema.

Najua mtaniambia dawa ya siku zile ilikuwa vidonge vya kushusha homa tu, labda asingepona. Nakubali. Lakini asingekufa peke yake akiniita.

Mume wangu alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Nikamweleza yote. Akasema, "Ulimheshimu baba." Neno lile liliniuma kuliko kofi.

Nilichojifunza? Heshima ni nzuri, sijaja hapa kuitukana. Ila ukiwa na mgonjwa mikononi na desturi inakuzuia kumsaidia, iweke chini kwanza, utaiokota baadaye. Wake za wanangu wote wananiita kwa jina langu. Walianza kwa kutetemeka, sasa wamezidisha, wananiita mpaka nikiwa nimelala.

Haya, nawe uliyeuguza mzee wako, andika hapa chini ulichoshindwa kumfanyia. Na jina lake uliandike, usilifiche. Mi la wangu sijawahi kuliandika popote, leo ndiyo mara ya kwanza.

Wangu aliitwa Mvuyekure.