Dada Yangu wa Alhamisi

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Hapana, nimekosea, ilikuwa sitini na tisa, maana televisheni ilipoingia kwetu mbwa aliibwekea mpaka sauti ikamkauka, na yule mbwa tulimwokota baada ya mafuriko, na mafuriko yalikuwa mwishoni mwa sitini na nane. Basi iwe sitini na tisa. Aliileta mwenye duka wa mtaani kwetu, yule tuliyemwita Bwana Betri kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kuchaji betri za magari. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaiunga na betri aliyoiacha sakafuni kama kuku anayeatamia, akazungusha kitufe. Kwanza zikaja chenga nyeupe, kama mvua isiyolowesha. Halafu, ndani ya ile mvua, akatokea dada yangu.

Mama alisimama. Akanyoosha gauni, akafunga vizuri kitambaa cha kichwani.

"Si ungeniambia tunaonana naye," akasema. "Ningeoga."

Mimi na Bwana Betri tukacheka. Yeye hakucheka.

Nirudi nyuma kidogo, maana nimemleta dada kabla sijamweleza. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na waliokuwa katikati hawakukaa duniani. Kabla ya televisheni alikuwa opereta wa simu pale posta. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akichomeka nyaya na kuzichomoa, na kusema, "Namba gani, tafadhali?" Watu wote wa mji walipita masikioni mwake na hakumwona hata mmoja. Aliniambia kwamba mtu mwenye habari mbaya huvuta pumzi kwanza kabla ya kutaja namba. Akiisikia ile pumzi humfanyia haraka, huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Kituo cha televisheni kilipofunguliwa mji mkuu, safari ya kutwa nzima kutoka kwetu, walitafuta mtu mwenye sauti ya kutangaza vipindi. Dada akaitaka kazi ile kwa moyo wote. Mama akakataa katakata.

"Watu wakukodolee macho, na wewe huwaoni? Adabu gani hiyo? Mtu akikutazama, nawe umtazame."

"Mama, kile kioo ni kama dirisha," dada akasema. "Nitawaona."

Alisema kwa utani, au alisema ili apate ruhusa, sijui. Mama alimtazama muda mrefu, akasema, "Kama ni dirisha, nenda."

Basi Mama alipokaa mbele ya kabati la vyombo jioni ile, alikaa mbele ya dirisha.

Televisheni ya siku zile, wasomaji, ilikuwa ya wanaume wenye tai wanaosoma karatasi bila kuinua kichwa. Dada alitangaza vipindi vyao kwa muda, kisha akaenda kwa mkuu wa kituo, akaomba viti viwili na mgeni mmoja.

"Halafu mfanye nini?" mkuu akauliza.

"Tuzungumze."

"Nani atakaa kuangalia watu wanapiga soga?"

"Mzee, watu wanakaa dirishani kuangalia mvua."

Akapewa Alhamisi jioni, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Kipindi akakiita *Sebuleni*. Kabla yake hakuna aliyefanya jambo kama lile katika nchi yetu, mwanamume wala mwanamke, ingawa baadaye kila mtu alidai lilikuwa wazo lake.

Nilikwenda kumtembelea mara moja. Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la nafaka. Kuta wamezibandika trei za mayai na mablanketi ili sauti isirudi. Taa zilikuwa kali mpaka poda ilimchuruzika mgeni shingoni. Mpiga picha alitembea na soksi ili asisikike, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimetoka nje, kinatazama kipindi bila kulipa kiingilio. Mimi mnoa visu, mtu wa kutembea mitaani na jiwe langu begani, niliona kama nimeingia ndani ya ndoto ya mtu mwingine, nikawa natembea kwa ncha za vidole nisije nikamwamsha.

Wageni wake hawakuwa wakubwa. Aliwaita mkunga, mzee wa kutia ufunguo saa ya mnara, mchimba makaburi. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kwa wote: "Umeamka vipi leo?" Sisi wengine tukiuliza hivyo, tunakuwa tumeshapita. Dada aliuliza, akangoja jibu. Mchimba makaburi alisema, "Salama." Dada akaendelea kungoja. Yule bwana akatazama viatu vyake, akasema, "Kusema kweli, nimeamka naogopa." Mtaa mzima kwetu uliacha kutafuna.

Sasa nyumbani. Mama alipokea Alhamisi kama anavyopokea mgeni. Alioga, akavaa gauni la kutokea, akamimina chai vikombe viwili. Dada akisema "Karibuni sebuleni," Mama anajibu, "Ahsante, mwanangu, tumeshakaa." Kisha anampa habari za wiki. "Jino hili litaniua. Mdogo wako amekonda, kutwa mguu nje." Dada kule anaongea na mkunga. Mama anangoja. Hapati jibu, anajaribu tena kwa sauti kubwa zaidi.

Alhamisi chache zikapita. Halafu siku moja nilimkuta amekigeuza kiti, ameipa televisheni mgongo, mkono shavuni.

"Vipi, Mama?"

"Ananiona, lakini hanijibu. Amekuwa mkubwa."

"Mama, yule hawezi..."

"Aliniambia ni dirisha. Mimi mwanangu hajawahi kunidanganya. Basi kama siyo mwongo, ana kiburi. Chagua wewe."

Ningechagua nini? Nilikwenda dukani kwa Bwana Betri, yeye ndiye aliyekuwa na simu, nikampigia dada.

"Dada, Mama amekupa mgongo."

"Nimefanya nini?"

Nikamweleza yote. Nilisikia akivuta pumzi, ile pumzi aliyokuwa akinisimulia. Kisha akauliza, "Jino la upande gani?"

"Kulia. La chini."

Alhamisi iliyofuata, kabla ya kumkaribisha mgeni, dada alitutazama moja kwa moja. "Kwanza wewe mwenye jino," akasema. "Ndiyo, wewe, mkono shavuni. Jino la kulia, chini. Nenda kang'oe, acha uoga."

Mama alikuwa bado ameipa mgongo. Mkono ulikuwa shavuni. Aligeuka polepole na kiti chake, miguu ya kiti ikilia kwenye sakafu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Mwambie... la, nitamwambia mwenyewe." Akasogea. "Jumatatu, mwanangu. Jumatatu nakwenda."

Jumatatu alipofika kwa mng'oa meno alikuta foleni imepinda kona. Kumbe nchi nzima ilikuwa imeshika shavu. Barua zikamiminika kituoni: umejuaje? Tangu hapo kila wiki nilipeleka habari za Mama kwa simu, na kila Alhamisi dada akamjibu, na kila jibu likawaangukia watu wasio na idadi. Akisema, "Wewe unayemsema kijana wako kwamba amekonda, mpe chakula kwanza, maneno baadaye," vijana wa nchi nzima walipakuliwa mara mbili. Watu wakawa wanafagia sebule Alhamisi mchana. Wanaume wakavaa mashati. Jirani yetu mmoja, akitaka kugombana na mkewe, kwanza aliifunika televisheni kwa shuka. Bwana Betri aliacha kabisa kuchokonoa pua. "Siyo kwamba naamini," alisema, "lakini hasara iko wapi?"

Wakampa jina, Dada Kioo. Miaka ikapita kama inavyopita usingizini, mtu hajui amelala saa ngapi. Nyumba zenye televisheni zikazidi, nywele za Mama zikawa nyeupe, dada akawa mtu wa kusimamishwa njiani. Alikuja nyumbani mara chache, kazi ilimbana, lakini Mama hakunung'unika. "Si tunaonana kila wiki," alisema.

Kisha ukaja mkanda. Kituo kilipata mkuu mpya wa vipindi, kijana wa miwani ya giza hata ndani ya nyumba, akaleta mitambo ya kurekodi. Vipindi vya mwezi mzima vikawa vinafanywa kwa siku moja, halafu vinatolewa kimoja kimoja kama nguo kabatini. Sisi hatukujua. Mvua ikanyesha, ukuta wa jiko ukaanguka, nikakimbia kupiga simu.

"Mdogo wangu," dada akasema, sauti imemshuka, "Alhamisi hii nimeshaizungumza wiki iliyopita."

Sikumwambia Mama. Ningemwambiaje? Akakaa na chai yake, akamweleza mwanawe habari ya ukuta, tofali kwa tofali. Na dada, akitabasamu vizuri kabisa, akasema, "Wewe mwenye kikohozi, naona kimepungua. Usiache kunywa maji ya moto." Kikohozi chenyewe kilikuwa kimeshakwisha.

Mama aliweka kikombe chini. Akasogea karibu, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Huyu siye," akasema. "Amefanana naye, lakini siye."

Akazima. Hakuwahi kuizima kwa mkono wake tangu siku ya kwanza. Akakigeuza kiti, na safari hii hakuwa na hasira, ndilo lililonitisha. Alikaa kama mtu aliyerudi kutoka kuzika.

Nilipompasha dada habari alikwenda moja kwa moja kwa yule kijana. Alinisimulia mwenyewe.

"Nataka kurudi moja kwa moja, bila mkanda."

"Dada, haiwezekani. Utanivurugia ratiba yote. Kuna mtu amelalamika?"

"Mmoja."

"Nchi nzima inakuangalia, na wewe unanisumbua kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Huyo ndiye ninayezungumza naye. Hao wengine wanasikiliza tu."

Kijana akavua miwani. Dada anasema ndiyo mara ya kwanza aliyaona macho yake, na yalikuwa ya mtoto tu. Lakini jibu lilibaki hapana. Dada akavua kipaza sauti kifuani, akakiweka mezani taratibu kama yai, akaenda zake.

Wakamkalisha mwingine kwenye kiti chake, binti mzuri, anacheka kabla ya utani. Simu zikapigwa kituoni mpaka maopereta wakaomba ruhusa ya kwenda kupumzika. Mwisho kijana akakubali nusu: salamu za mwanzo zitoke moja kwa moja, zilizobaki mkanda. Dada akakubali. Kuanzia hapo alivuka mji mzima kila Alhamisi, avae, apakwe poda, awashiwe taa, aseme salamu, arudi nyumbani.

Siku aliyorejea nilimbembeleza Mama tangu asubuhi. "Kama ni yule mwingine, nalala," akaniambia. Hata hivyo alioga. Nilimwona akitafuta gauni. Sikuwa na habari ya kumpelekea dada wiki ile, kwa sababu Mama alikuwa hazungumzi na kioo wala na mimi, na simu ya Bwana Betri ilikuwa imekufa kwa mvua. Nilitia betri, nikazungusha kitufe. Chenga zikaanza kunyesha.

"Nenda kaniletee kiberiti," Mama akasema.

"Kiberiti kipo, Mama."

"Basi kalete kingine."

Nilitoka. Sikufika mbali, nilisimama nje, penye dirisha la kweli. Ndani nilimwona Mama amesimama, ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili, uso wake umekaribiana na kioo mpaka mwanga wa buluu ukamwingia kwenye mikunjo. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Sauti haikunifikia.

Dada akatokea. Alifungua mdomo aseme "Karibuni sebuleni," kama miaka yote. Akaufunga. Akainamisha kichwa upande mmoja, vile vile alivyokuwa akifanya mbele ya ubao wa simu. Nchi nzima ikamngoja. Mama aliendelea kusema, kisha akanyamaza.

"Haya, Mama," dada akasema. "Nimekusikia. Wala usiwe na wasiwasi."

Halafu gauni lake likabadilika kufumba na kufumbua, mkanda ukawa umeanza.

Nilipoingia, Mama alikuwa amekaa, anapuliza chai. Baada ya siku ile hakuiambia tena televisheni neno lolote. Aliitazama tu, kama watu wote, na akiona cha kuchekesha alicheka. Mwaka uliofuata alituacha, kimya, kama anavyoondoka mgeni asiyetaka kuamsha watoto.

Nilikuwa nimemuuliza Mama alimwambia dada nini. Akanijibu, "Kiberiti kiko wapi?" Bwana Betri naye aliapa hakumpigia mtu simu, na nilijua hakuwa nayo ya kupigia.

Dada alistaafu, siku hizi tunakaa naye nyumba moja, ile ile. Ile televisheni ya kwanza bado iko juu ya kabati, haiwaki, ameiwekea kitambaa. Asubuhi naketi naye barazani, mimi na jiwe langu la kunolea, yeye na kikombe chake. Watu wanapita, wanamsalimia Dada Kioo, wengine wanajiweka sawa kola za mashati bila kujua kwa nini. Ndipo namuuliza juu ya jioni ile, na nimemuuliza mara nyingi. Yeye huinamisha kichwa, anitazame, aniulize, "Umeamka vipi leo?" na angoje, mpaka najikuta nimemweleza mambo yangu yote na chai imepoa.

Lakini mimi nilikuwa pale nje, nimeshika nondo za dirisha, na nililiona lile jicho lake likimfuata Mama alipokuwa akirudi kukaa. Dada, siku ile ulituona?