Tulivyomnenepesha Mkimbiaji

Nilifika Rissne, pembezoni mwa Stockholm, nikiwa na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka, nikapangishwa chumba na mama mmoja wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi huko kwetu Kigoma. Nadhani ndiyo sababu alinikubali. Aliniuliza shule niliachia wapi. Nikamwambia kidato cha pili, tena katikati ya muhula. Akacheka.

"Basi mimi na wewe tuko sawa, kaka. Masomo tumwachie huyu."

Akamwonyesha mwanawe, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliyekuwa amekaa sakafuni akijizungushia bandeji kwenye kifundo cha mguu. Kijana akaniamkia vizuri, "Shikamoo anko," kisha akaendelea na bandeji yake. Kando yake palikuwa na kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Nilidhani ni ya pikipiki.

Ilikuwa ya mpira wa Wamarekani. Sikujua kama mchezo huo unachezwa Stockholm, na mimi kitu nisichokijua hakinipi usingizi. Kesho yake nilikwenda maktaba nikasoma mpaka walipozima taa. Mpira wenyewe una umbo la papai changa, na unabebwa mikononi zaidi kuliko unavyopigwa teke. Wachezaji wanavaa mabega ya plastiki, kila mmoja anakuwa kama kabati lenye miguu. Kijana wetu alikuwa mkimbiaji: kazi yake ni kupewa ule mpira mkononi, kuukumbatia, na kupenya katikati ya makabati kabla hayajamlalia.

Alikuwa anajua. Nilipomwona mara ya kwanza uwanjani nilisahau baridi. Alikuwa anakwenda upande huu huku mwili umeshaamua kwenda upande mwingine, na watu wazima wakabaki wamekumbatia hewa. Ila alikuwa mfupi. Akisimama na wenzake kwenye mstari, ungedhani kuna jino limevunjika.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu, na nyumba nzima ilikijua: kwenda Marekani kusoma chuo kwa ajili ya ule mpira. Vyuo vya huko vinatafuta wachezaji kama sisi tunavyotafuta mchumba. Wanauliza habari zake kwanza, halafu wanatuma mtu aje amtazame. Nilipomweleza mama yake hivyo, akaelewa papo hapo, na tangu siku hiyo yule mtu aliyetarajiwa kutoka Marekani tulimwita Mshenga. Kijana alichoma sidii ya video za mechi zake, kocha wa klabu akaituma, na jibu likaja kwamba Mshenga angepita Stockholm theluji ikishayeyuka. Lakini kabla ya yote aliuliza: ana urefu gani, na ana uzito gani?

Kocha wa klabu, Mswidi mmoja dereva wa basi ambaye goti lake lilimkatisha mchezo, hakumficha. Alimwambia urefu hauna dawa, lakini uzito unaweza kuongezeka kidogo kidogo kwa kunyanyua vyuma na kwa subira. Kijana akaja kumsimulia mama yake jikoni, kwa Kiswidi, haraka haraka. Ile habari ya vyuma na subira sijui iliishia wapi. Mama aliondoka na neno kilo.

Jumapili ile kanisani kwao Jakobsberg aliomba maombi kwa ajili ya mwili wa mtoto. Kwaya ya akina mama ikalipokea jambo hilo kama lao. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, sauti yake ya chini mpaka viti vinatetemeka. Alimshika mama mwenye nyumba wangu mkono.

"Mama, utuachie ule mutoto. Mwili si mambo ya Mungu peke yake. Ni mambo ya sufuria."

Wakaanza. Jumatatu lilikuja isombe, yaani kisamvu, lililoelea kwenye mawese. Jumanne maharage na ugali wa muhogo. Baada ya hapo sikumbuki mpangilio, nakumbuka makopo ya aiskrimu yaliyojaa kila kitu isipokuwa aiskrimu, yamerundikana mlangoni. Ndizi za kupika na nyama. Sambusa. Na kila aliyeleta hakuweka chini akaondoka. Alisimama na koti lake mwilini, theluji ikimdondoka kwenye buti, akisubiri aone kijana ameonja. Kijana alikuwa amelelewa vizuri, na kwa watu wetu chakula kilicholetwa nyumbani hakikataliwi mbele ya aliyekileta. Alionja. Akaambiwa ongeza. Akaongeza.

"Jag är mätt, mamma," alimnong'oneza mama yake siku moja, tumbo limeshamfika shingoni.

"Sema Kiswahili mgeni asikie."

Kwa Kiswahili, mbele ya mgeni, kusema nimeshiba na sahani ikiwa nusu hakuweza. Akainamisha kichwa akamaliza.

Na chombo cha mtu, kama tujuavyo, hakirudi kitupu. Kwa hiyo mama naye alipika ili kuyajaza yale makopo kabla ya kuyarudisha. Wenye makopo wakafurahi, wakaona wameshukuriwa, wakaleta mengine makubwa zaidi. Mimi mwenyewe suruali zilianza kunibana, na sikuwa nikitafutwa na chuo chochote.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye ghala la mboga, na pale kulikuwa na mzani wa sakafuni wa kupimia magunia ya viazi. Kila Jumamosi kijana alikuja, akapanda, mimi nikasoma. Kilo zilikuwa zinapanda kweli. Nilipiga simu Jakobsberg kutoa habari, nikasikia upande wa pili vigelegele vya watu waliokuwa katikati ya mazoezi ya wimbo. Nilifurahi. Niliona tunajenga kitu.

Kisha ikaja siku ile ya mazoezi. Kocha alikuwa anawapima mbio kwa saa yake ya mkononi. Kijana wetu alipofika mwisho, kocha aliitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akamwambia arudie. Kijana akarudia, kocha akaitikisa saa tena. Walipoanza kucheza, rafiki yake mkubwa wa timu, kijana wa Kiganda wa mtaa wa Hagsätra mwenye urefu wa mlango, alimkimbilia kutoka nyuma akamkamata. Hakuwahi kumkamata tangu wajuane. Yeye mwenyewe alishtuka hata akamwachia.

"We kaka, umekula nini? Sofa?"

Wote wakacheka. Kijana wetu alivua kofia akaenda kukaa benchi, jasho linamtiririka kama mtu wa homa.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Anko, naomba unisemee. Nikisema mimi, mama ataaibika."

Nikapanda treni hadi Jakobsberg, nikawangoja wamalize kuimba. Nilijiandaa. Sikutaka kuwaambia watu wazima kwamba chakula chao kimeharibu, kwa hiyo nikazunguka mbali.

"Mama zangu, mkimbiaji ni kama swala..."

"Swala gani?" yule kiongozi akanikatiza. "Weye ulishaona swala mwenye njaa akikimbia?"

"Hapana mama, ila kuna wakati mwili ukiwa mzito..."

"Ni mawese," akasema mwingine kutoka nyuma. "Mimi niliwaambia, mawese yanalaza."

Wakajadiliana kwa uzito, Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura na cha Kampala kwa pamoja, na Kifaransa juu yake. Wakakubaliana kwamba nimesema kweli. Wiki iliyofuata hakukuja mawese. Walikuja kuku wa kuokwa, wazima wazima.

Mama hakuwa amewahi kumwona mwanawe akicheza. Alikuwa anasafisha ofisi jioni, saa zile zile za mazoezi. Nilimwomba abadilishane zamu na mwenzake, siku moja tu, bila kumwambia sababu. Akaja, akasimama kwenye ukuta wa chuma pembeni ya uwanja, mikono ndani ya mikono ya koti. Nilimweleza ninavyoelewa: wale wanamfungulia njia, wale wanaiziba. Mwanawe akapewa mpira. Akaangushwa. Akapewa tena.

"Kwa nini wanamkamata?"

"Anachelewa kufika pale penye nafasi."

"Alikuwa anachelewa zamani?"

"Hapana."

Akatazama tena. Kijana aliinuka, akashika magoti, mgongo unapanda na kushuka. Mama hakuniangalia aliponiuliza.

"Ni sisi?"

"Ni sisi, dada."

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na redieta ya kupasha joto. Alikuwa na mifuko miwili mikubwa ya dukani miguuni pake. Alisema kwamba kambini chakula chao kilipimwa na mtu mwingine, kwa mkebe, na mama yake alikuwa anakung'uta ule mkebe chini ili hata vumbi la unga lisibaki. Alisema aliapa kwamba akipata mtoto, hatokuja mtu mlangoni na chakula akarudishwa. "Mmenisaidia kukitunza kiapo changu," alisema. "Leo nakivunja. Mtoto amekuwa mzito, hakimbii. Naomba msilete tena." Akainua mifuko. Ndani yake yalikuwa makopo yao yote, yameoshwa, makavu, matupu.

Kurudisha chombo kitupu, tena makusudi, tena mbele ya mchungaji! Mwanawe alikuwa mstari wa pili, masikio yamemwiva. Kiongozi wa kwaya akainuka polepole, akaenda mpaka kwenye mifuko, akainama, akachokora.

"Shee. Langu la kifuniko cha kijani liko wapi?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Akalipata, akalitia kwapani.

"Sasa ule mutoto anatakaka nini?"

"Anataka kukimbia," mama akasema.

"Basi akimbie."

Wawili watatu walinuna hadi Pasaka, hilo siwezi kuficha. Lakini kijana alikula cha mama yake tu, akawa anapanda na kushuka kile kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu kila asubuhi kabla ya shule, na saa ya kocha ikapona.

Mshenga alikuja theluji ikiwa imebaki marundo machafu pembeni ya uwanja. Alikuwa mzee mkubwa, mpole, mwenye kofia ya kitambaa na mkono unaomeza wa kwako. Aliwapima vijana mmoja mmoja bila viatu, mgongo ukutani katika chumba cha kubadilishia nguo. Kuna waliovaa soksi mbili mbili. Akawavulisha bila kusema neno. Kisha akasema angependa kuwasalimia wazazi. Nilijua kwa nini, nilikuwa nimesoma: wanatazama mama na baba wana urefu gani, wakisie kama mtoto bado ataongezeka. Nilimdokezea mama mapema. Alikuja amefunga kilemba kilichopanda kama keki ya harusi, na viatu vya visigino vilivyokuwa vinazama kwenye tope kila hatua. Mshenga akampa mkono, akatazama kilemba, akatazama visigino. Akatabasamu. Baba wa mtoto hakuwepo wa kutazamwa, alizikwa Burundi.

Kijana alikimbia siku ile. Sitajaribu kueleza yote. Nakumbuka mara moja alipenya chini ya mkono wa mtu bila kupunguza mwendo, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, na Mshenga akaacha kuandika, akabaki kutazama tu.

Baadaye alimwita pembeni, akaniruhusu nisimame nao. Alisema kwa Kiingereza cha taratibu, ili kila mmoja asikie vizuri. Katika safari yake yote hakuwa ameona mkimbiaji kama huyu. Na hawezi kumchukua. Mkubwa wake kule chuoni anaanza kwa kusoma urefu. Ukiwa chini ya kiasi fulani hata video hafungui.

"Lakini wewe umeniona," kijana akasema.

"Nimekuona."

"Na haisaidii?"

Mzee akatikisa kichwa. Akamchukua yule Mganda wa Hagsätra, ambaye alipoambiwa alikuja mbio kwa rafiki yake akilia, wakakumbatiana na yale mabega yao ya plastiki, yakawa yanagongana kwa kelele.

Mama alinivuta mkono. "Amesema nini? Usinipunguzie." Nikamtafsiria lote. Akamgeukia Mshenga, akazungumza naye moja kwa moja kwa Kiswahili kana kwamba ni jirani yake.

"Nimemzaa hivyo. Tulitaka kumwongeza, tukamharibu. Hivi ndivyo alivyo, na hivi ndivyo anavyoweza."

Nikayapeleka maneno hayo kwa Kiingereza. Mshenga alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Hakuja mwingine. Kijana alijifungia chumbani siku kadhaa, hakutaka hata mimi nigonge. Halafu jioni moja nilikuta bandeji sebuleni, sakafuni, na yeye hayupo. Alikuwa amekwenda mazoezini. Alimaliza shule, akajifunza ufundi wa umeme, akabaki na klabu yake. Mimi, kama kawaida yangu, nilihama. Nilikaa Hagsätra kidogo, halafu Oslo, halafu mahali pengine ambapo hapana haja ya kupataja.

Niliporudi Stockholm miaka michache baadaye, mama alinialika mechi ya Jumamosi. Alikuwa ameacha kazi za jioni, alikuwa na kiti chake cha kukunja na chai ya tangawizi kwenye chupa. Pembeni yake alikaa mama mmoja aliyefika karibuni kutoka Burundi, mgeni kabisa, na mama alikuwa anamfundisha mchezo. Nusu ya sheria alizomweleza zilikuwa si za kweli. Sikumsahihisha.

"Sasa dada, wote wamefunika nyuso," mgeni akasema. "Wako unamjuaje?"

Mama alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho. "Yule mfupi," alisema, na kwenye sauti yake kulikuwa na majivuno ya mtu anayeonyesha nyumba yake mwenyewe. "Watazame wote, utamwona tu. Hao wengine hata mama zao wanawachanganya."

Kisha akapiga kelele, chai ikamwagika, maana mpira ulikuwa umeshafika mikononi mwa mwanawe.