Uzi wa Kijani

Mwaridi wa marehemu mke wangu haukuwa mzuri wa kuutazama. Matawi yake yalilala huku na huku kama walevi. Lakini maua yake, yale ya kizamani yaliyojaa petali mpaka yakainamisha shingo, yalinukia hadi langoni. Alikuja nao ukiwa kijiti tu, kimeviringishwa gazeti lenye maji, mwaka tuliohamia hapa Mbuya. Alipofariki niliurithi mimi, mwanajeshi mstaafu ambaye nilikuwa sijapanda hata mboga ya dodo.

Miaka miwili iliyopita shina likaanza kuoza. Nilijaribu vipandikizi, mvua ikaviozesha vyote. Mzee mmoja wa mtaa jirani wa Bugolobi anayezalisha mawaridi uani kwake akaniambia mti umezeeka, niache kuulilia, nitafute mtoto wake. Akanionyesha namna. Unalichagua ua kabla halijafunguka, unang'oa petali, halafu kwa kibano unatoa vijiti vyote vyenye chavua, ule unga wa manjano, ili lisijizalishe lenyewe. Kesho yake unalipaka chavua ya waridi lingine, unalivika kifuko, unangoja. Likikubali, kitako cha ua kinavimba kuwa tunda, na baada ya miezi minne hivi unapata mbegu.

Kibano nilichotumia kilikuwa cha marehemu, cha kung'olea nyusi. Nilijiona mjinga, na hapakuwa na mtu wa kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Yeye angecheka mpaka akae chini.

Nilipaka maua matano. Manne yakadondoka. Moja likashika.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ameolewa Nairobi. Hupiga simu kila Jumapili, nami humwambia mimi mzima, mvua imenyesha, msalimie mumeo na watoto, basi. Dakika mbili hazifiki. Kisha nyumba inanyamaza tena. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi, na kila asubuhi nilikwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya lile tunda. Nilikuwa nikilisalimia. Kulitia alama nililifunga uzi wa kijani, ule wa kushonea sare, ili mpita njia asilione akalichuma. Jeshini tulifundishwa kwamba kitu cha maana hufichwa.

Tunda lilikuwa na miezi mitatu na ushee, limeanza kubadilika rangi, binti yangu alipokuja kunitembelea kwa siku tano. Siku ya tatu nilikwenda sokoni Kikuubo kununua vifuko vya miche. Niliporudi nikamkuta bustanini, mkasi mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu. Mwaridi ulikuwa umenyolewa safi. Kila ua lililonyauka, kila kitako, vyote vilikuwa ndani ya karai.

"Baba, hii maua ilikuwa imechoka. Nimeisafisha vizuri."

Sitaandika yote niliyosema. Nilimfokea mwanamke wa miaka arobaini kama kuruta. Nilimuuliza nani alimtuma. Nilimuuliza nani alimwita hapa. Hilo la pili natamani ningelimeza.

"Banange, baba! Mama alinifundisha hivi hivi. Kila asubuhi tulikuwa tunakata ile ya zamani, ati mti isichoke na mbegu, ilete maua ingine. Mimi ningejua aje?"

Ni kweli. Niliwaona wote wawili miaka yote hiyo kupitia dirishani, mmoja na mkasi, mwingine na karai, mimi nikisubiri chai. Alikuwa amefanya kile alichofundishwa na mama yake, kwenye mti wa mama yake. Na mimi nilikuwa nimefunga uzi wa kijani kwenye tawi la kijani.

Tulilitafuta lile tunda pamoja ndani ya karai. Nilipolipasua, mbegu zilikuwa nyeupe, laini kama punje za mahindi machanga. Nilizipanda hivyo hivyo. Hazikuota. Siku ya kumsindikiza kwenye basi tuliagana kwa adabu nyingi, na adabu ile iliniumiza kuliko kama tungegombana tena.

Mwezi uliopita tawi moja lililobaki zima lilitoa ua. Nikaling'oa petali, nikalipaka chavua, nikangoja. Limeshika. Jumapili simu ilipolia nikasema mimi mzima, mvua imenyesha. Alipoanza kuaga nikamkatiza.

"Ngoja. Kuna ua moja nimefunga uzi nyekundu. Iko upande wa jikoni, tawi ya chini. Usiikate."

"Baba, mimi niko Nairobi. Nitaikata aje?"

"Najua. Nataka tu ujue iko wapi."

Nilingoja acheke, au aseme watoto wanamwita. Nilisikia akifunga mlango huko kwake, kelele za nyumba zikapungua.

"Kale, sawa, baba," akasema. "Sasa niambie, imekuwa kubwa kiasi gani?"

Nikavuta kile kiti cha plastiki, nikakaa.