Shika Mapaja, Acha Shingo

Wakati wa Mdachi, baba zetu walipochukuliwa kwenda kujenga reli, sisi watoto wa Ugogo tulibaki na mama zetu, ng'ombe, na mpira mmoja wa ngozi uliojazwa nyasi. Tuligawana pande mbili, kila upande ukilinda kichaka chake mpira usifike humo. Aliyeupata mpira aliukumbatia, akakimbia nao kuelekea kichaka cha wapinzani, na wapinzani wote wakamwangukia.

Siku moja mdogo wangu alikabwa shingo na kijana aliyemzidi umbo, akabwagwa kwenye mawe nyuma ya nyumba yetu ya tembe. Alipofumbua macho hakuweza kugeuza kichwa. Mama aliuchukua mpira akautupa juu ya paa.

"Mchezo umekwisha," alisema.

Shingo ilipona wakati wa mavuno. Jambo la kwanza mdogo wangu aliloniuliza ni mpira uko wapi. Nikamwendea mama.

"Mama, ukiwakataza watacheza porini, usikowaona. Niachie mimi niwaangalie."

"Wewe msichana? Utawazuia vipi wasivunjane?"

"Ndama akitoroka tunamshika shingo?"

"Tunamkumbatia mapaja," mama akajibu.

"Basi."

Mama akakubali; nikaushusha mpira paani, nikauhamishia mchezo kwenye mchanga wa mto uliokauka, penye kichaka kila mwisho. Kila asubuhi nilipita nikiokota miiba. Wakubwa niliwapanga na wakubwa, wadogo na wadogo. Niliwafundisha kuanguka, kidevu kifuani, bega litangulie. Nikigonga kinu kwa mchi, kila mkono uachie.

Kisha wakaja watoto wa ng'ambo ya kilima kushindana nasi, na mama zao nyuma yao. Mdogo wangu alipoupata mpira tu, kijana wao mmoja mwenye mabega mapana akamrukia shingoni. Nikagonga kinu. Wetu waliachia papo hapo. Wao wakacheka, na yule kijana akazidi kukaza. Nilimbandua mkono mwenyewe, nikauchukua mpira na kuukalia.

"Hapa shingo haishikwi. Hamtaki, rudini kwenu."

Mwanamke mmoja akatoka kati ya wageni, akamfokea yule kijana: "Umesikia ulichoambiwa? Cheza kama mtu!"

Tukaendelea. Safari hii yule kijana alimkamata mdogo wangu mapajani, mwenzake naye akaning'inia kiunoni. Mdogo wangu hakuanguka. Aliwakokota wote wawili, hatua kwa hatua, mchanga ukimfika vifundoni, sisi tukipiga kelele hadi sauti zikakauka, mpaka akajitupa na mpira kwenye kichaka chao.

Mama, aliyekuwa amesimama ukingoni amejiziba macho kwa kanga, alipiga vigelegele akaingia mchangani akicheza.

"Yule ni wangu!" aliwaambia wageni. Akanivuta mkono. "Na huyu pia ni wangu!"

Jioni ile watoto wa pande zote mbili walipanda ukingo wa mto wakiimba, kila mmoja kwa miguu yake.