Wimbo Hauishi Mama Akiwa Amesimama

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la kukodisha spika mjini Kitale. Wakaingia vijana wanne wa bendi ya roki, wamevaa nguo nyeusi tupu, wakitaka spika za harusi huko Sirisia.

"Wimbo wenu huchukua muda gani?" mwenye duka akauliza, akikunja waya.

"Dakika tatu hivi," akajibu mpiga gitaa.

"Kule Sirisia, mama wa bwana harusi akiinuka kucheza, wimbo hauishi mpaka aketi."

"Si sisi tuko na mpangilio yetu, bana."

Bwana harusi ni mpwa wa jirani yangu, kwa hivyo Jumamosi nilikuwepo. Mama akainuka, mikono juu, mabega yakaanza kutikisika. Kabla hajafika katikati, bendi ikamaliza wimbo kwa kishindo.

Mama hakuketi. Alibaki mikono juu, akiwatazama. Hema zima likawatazama. Mpiga ngoma ndiye aliyeelewa kwanza; akaanza kugonga polepole, wenzake wakamfuata. Wakaurudia wimbo uleule hadi mashati yakawaganda mgongoni na wali ukapoa.

Hatimaye mama akaketi, akajipangusa uso kwa leso, akamwambia mpiga gitaa, "Sasa huo ndio wimbo. Ule wa kwanza mlikuwa mnajaribu vyombo."

Kijana unayeanzisha bendi ya roki huku kwetu, jifunze gitaa kwa bidii. Ila ukishapanda jukwaani, usitazame nyuzi. Tazama kiti cha mama.